MAONI YA UMMA SI HESABU YA VICHWA TU

Katika nchi inayofuata demokrasia, maoni ya umma ndiyo dira ya siasa. Hata hivyo, wako watumishi wa umma wanaodhani kuwa maoni hayo ni idadi ya mikono iliyonyooshwa tu. Historia ya Tanzania inakanusha dhana hiyo.

Mwaka 1991, Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ili wananchi waseme kama nchi iendelee na chama kimoja au iwe na vyama vingi. Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Asilimia 20 hivi walitaka vyama vingi. Pamoja na hayo, Tume ilipendekeza vyama vingi, Chama cha Mapinduzi kikaafiki, na Katiba ikabadilishwa mwaka 1992.

Je, wengi walipuuzwa? La hasha. Tume ilipima sababu za wasemaji, wala haikuishia kwenye idadi yao. Wengi miongoni mwa waliotaka chama kimoja walitaka pia kifanyiwe marekebisho. Ndiyo yao ilikuwa na masharti. Tena, uamuzi ule haukuwanyang'anya wengi kitu: waliokipenda Chama walibaki na haki ya kukichagua, na katika uchaguzi wa mwaka 1995 kilishinda. Kama uamuzi ungekuwa kinyume chake, mmoja katika kila watano angekosa pa kusemea.

Hapana budi kutahadhari hapa. Kiongozi asiyetaka kusikia wengi asije akajificha nyuma ya mfano huu. Uamuzi wa mwaka 1992 ulipata uhalali kwa sababu maoni yalikusanywa hadharani, hoja zikajulikana, na kila upande ukasikilizwa. Pasipo mambo hayo, kwenda kinyume cha wengi ni ubabe mtupu.

Aidha, maoni ya umma hayaoti yenyewe kama uyoga. Hujengwa kwa habari za kweli na majadiliano. Mwaka 1983 Chama kilipotoa mapendekezo ya kurekebisha Katiba, tangazo la haki za binadamu halikuwamo. Wananchi, wanasheria wakiwa mstari wa mbele, walilidai katika mjadala uliofuata, na mwaka 1984 likaingizwa katika Katiba. Wangeulizwa tu kama wanakubali au wanakataa yaliyoandikwa, dai hilo lisingesikika.

Hapo ndipo ulipo wajibu wa mwalimu na mtumishi wa serikali. Mwalimu anayemzoesha mwanafunzi kutoa hoja na kusikiliza hoja ya mwenziwe anajenga raia ambaye maoni yake yana uzito. Mtumishi anayepeleka ngazi za juu taarifa tamu, akiandika kuwa wananchi wameridhika ilhali wananung'unika, anaipofusha serikali anayoitumikia. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Siasa inayosikiliza minong'ono mapema haishtushwi na kelele baadaye. Kwa hiyo, kila taarifa inayotoka kijijini, shuleni au wilayani ieleze wangapi wamekubali, wangapi wamekataa, na kila upande umetoa sababu gani. Kuacha sababu ni kuacha nusu ya maoni ya umma njiani.