Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Kinondoni: Tufungieni rasmi jalada la korona

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: OMBI LA TANGAZO LA KUKOMA KWA HATUA ZA DHARURA ZA UVIKO-19

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Mwananyamala, upande wa Kwa Kopa, na kodi ya jengo nakatwa kwenye luku kama wenzangu wote. Naandika kuomba kitu kisichohitaji fungu kubwa la bajeti: tangazo la maandishi linalosema kwamba amri na hatua zote za dharura zilizowekwa tangu Machi 2020 kwa sababu ya korona katika manispaa hii zimekoma, zilikoma tarehe ngapi, na katika kipindi hicho kilitokea nini. Najua atakayelisoma kwanza pale masjala atacheka. Korona, leo hii? Watu wana mafuriko, foleni na bei ya mchele, huyu anatuletea korona?

Naileta kwa sababu ukiyafuatisha matukio unakuta jambo la ajabu. Tuliambiwa korona imekwisha wakati bado iko. Ilipokuja kupungua kweli, hakuna aliyetuambia lolote.

Kuanza kwake kulikuwa na utaratibu. Machi 16, 2020 Waziri wa Afya wa wakati ule, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza, msafiri aliyeingia kupitia Kilimanjaro. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akafunga shule, akazuia mikusanyiko, akasimamisha ligi. Aprili, Mkuu wa Mkoa Paul Makonda akaagiza kila mkazi wa Dar es Salaam avae barakoa akitoka nyumbani. Kwenye daladala ikaja amri ya level siti, yaani abiria wote wakae, asisimame mtu. Hiyo nadhani ndiyo wengi wanayoikumbuka kuliko zote, maana konda aliyezoea kutupigia kelele "sogea nyuma, nyuma kuna nafasi" alianza kuhesabu vichwa kama mhasibu, na akimwona trafiki kwa mbele anamwambia aliyesimama achuchumae. Nauli haikupungua wala gari halikuongezeka, kwa hiyo asubuhi kituo cha Komakoma kilijaa watu waliobanana wakisubiri gari ambalo ndani hawaruhusiwi kubanana.

Amri hizo zote zilitolewa kwenye vipaza sauti, kwenye televisheni na kwa mdomo wa mgambo. Maduka yakaweka ndoo za maji tiririka mlangoni. Famasi zikachora mistari ya rangi sakafuni. Tulitii, wengine kwa hofu ya ugonjwa, wengine kwa hofu ya faini.

Kisha takwimu zikakatika. Mwanzoni mwa Mei 2020 hesabu ya nchi nzima, Bara na Visiwani, ilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na ikabaki hivyo hivyo kwa zaidi ya mwaka. Mwezi huo huo Rais Magufuli akatuhadithia habari ya sampuli za papai na mbuzi zilizopelekwa maabara zikarudi na majibu ya korona, na mkuu wa maabara ya taifa akasimamishwa kazi. Zikatangazwa siku tatu za kumshukuru Mungu, Mei 22 hadi 24, na hapa mkoani Makonda akawataka wakazi washerehekee Jumapili hiyo kwa shangwe na muziki kwa kuwa gonjwa limeshindwa. Jumapili yenyewe ikaangukia Idi. Juni, Rais akasema kanisani Dodoma kwamba Mungu ameiondoa korona. Juni 29 shule zote zikafunguliwa.

Sina ugomvi na dua, Ndugu Mkurugenzi. Mwananyamala tunaomba kwa madhehebu yote, na kwenye kufukiza nyungu hatukubaguana: malimao, tangawizi, majani ya mwarobaini, shuka juu ya kichwa, mtu anatoka ameloa kama katoka kisimani. Ninachosema ni kwamba shangwe haikuambatana na karatasi. Hakuna aliyeandika kwamba amri ya barakoa ya Aprili imefutwa. Ilikufa kwa watu kuzivua.

Halafu ikaja Januari na Februari 2021. Maneno yaliyotumika kwenye matangazo ya misiba unayakumbuka: "changamoto ya upumuaji", "nimonia kali". Februari 17 alifariki Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, Maalim Seif Sharif Hamad, ambaye chama chake kilikuwa kimeshasema wazi kwamba ameambukizwa korona, na siku hiyo hiyo akafariki Katibu Mkuu Kiongozi, Balozi John Kijazi. Wiki moja baadaye, Februari 24, Rais alivunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam na kuipandisha Ilala kuwa jiji. Nalitaja hili makusudi. Katikati ya wimbi lile, mamlaka ya jiji zima ilifungwa kwa tamko, kila mtu akajua tarehe, watumishi na mali zikatafutiwa pa kwenda. Kumbe kufunga tunaweza. Na hapo nina swali la pembeni: jalada la korona la lile jiji la zamani, kama lilikuwepo, alikabidhiwa nani?

Baada ya kifo cha Rais Magufuli Machi 17, mambo yalibadilika haraka. Rais Samia aliunda kamati ya wataalamu, kamati ikashauri takwimu zirudi na chanjo ziletwe. Julai 2021 ikatua shehena ya kwanza ya dozi zaidi ya milioni moja za Johnson & Johnson, na tarehe 28 Rais akachanjwa mbele ya kamera. Mei 5, 2023 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba dharura ya kimataifa iliyoanza Januari 30, 2020 imekwisha. Sisi huku tulisikia kwenye redio, tukaendelea kuuza maandazi.

Sasa nakuja kwenye pingamizi ambalo mwanasheria wako atalitoa kabla hata ya chai. Atasema Tanzania haikuwahi kutangaza hali ya hatari, kwa hiyo hakuna cha kufuta. Kisheria ana hoja. Ibara ya 32 ya Katiba inampa Rais mamlaka ya kutangaza hali ya hatari, na ibara hiyo hiyo inaweka kikomo: likipita miezi sita tangazo linakufa lenyewe isipokuwa Bunge liliongezee muda. Mamlaka hayo hayakutumika kwa korona. Lakini tazama matokeo yake. Tamko lililofuata Katiba lingejifunga lenyewe ndani ya nusu mwaka. Agizo la kwenye kipaza sauti halina miezi sita, halina Bunge, halina ukurasa kwenye Gazeti la Serikali. Linakaa tu, na siku likimfaa mtu atalikumbuka. Anayeuza mihogo barabarani ndiye wa kwanza kukumbushwa, na hana pa kwenda kusoma kama agizo bado lipo au lilishakufa.

Atasema pia kwamba haya ni ya wizara. Nakataa nusu. Mabwana afya wa kata ni wako, masoko ni yako, na madiwani wanakaa kwako kila robo mwaka.

Na kufunga ugonjwa kwa tangazo si mambo ya wazungu. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa Bukoba. Walipatikana wagonjwa tisa, sita wakafariki. Wataalamu walihesabu siku 42 bila mgonjwa mpya, yaani mara mbili ya muda mrefu kabisa ambao kirusi hicho huweza kujificha mwilini, na Juni 2 mwaka ule Waziri Ummy akatangaza kwamba mlipuko umekwisha. Mwaka 2025 ukarudi Biharamulo. Rais mwenyewe aliutangaza Januari 20, na Machi 13 ukatangazwa kumalizika. Watu wa Kagera walijua mwanzo, wakajua mwisho, wakajua waliofariki ni wangapi. Najua korona haihesabiki kwa siku 42, kwa kuwa haikuondoka kabisa, imebaki kati yetu kama mafua. Lakini amri zake ndizo ninazosema, na amri haziambukizi. Zinaweza kufutwa siku moja saa nne asubuhi.

Jirani zetu walifanya hivyo. Oktoba 20, 2021, Siku ya Mashujaa, Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya aliondoa kafyu, na Machi 2022 Waziri wake wa Afya, Mutahi Kagwe, akaondoa ulazima wa barakoa sehemu za wazi. Uganda, waliowaweka watoto nyumbani karibu miaka miwili, walifungua shule Januari 10, 2022. Mbali zaidi, Los Angeles, halmashauri ya jiji ilimaliza dharura yake Februari 1, 2023, ikiwa na mpangilio: mpangaji aliyelimbikiza kodi ya nyumba katika miezi ya mwanzo alipewa hadi Agosti 1 mwaka huo kulipa, na deni la miezi ya baadaye hadi Februari 1, 2024. Huwezi kulinganisha Los Angeles na mtaa wa Msisiri hapa kwetu, ila hapo unaona tangazo la mwisho lina kazi. Linamwambia mtu asimame wapi kuanzia kesho.

Karatasi yetu iseme nini? Nikiulizwa mimi, kitu kikubwa kuliko vyote ni vifo, na hapa naomba unisikilize kwa utulivu kwa sababu sikuombi umsingizie mtu. Vipimo vilikuwa vichache, na hata baada ya takwimu kurejea, vifo vilivyoripotiwa nchi nzima kwa miaka yote havikufika elfu moja. Tukitegemea vipimo hatutajua kamwe. Lakini kuna daftari ambalo halikusimama hata siku moja, nalo ni la mazishi. Hapa mjini mtu haziki bila kibali. Hospitali inaandika, ofisi ya mtaa inaandika, makaburini wanaandika. Chukueni vibali vya kila mwezi vya 2018 na 2019, mviweke sambamba na vya Aprili na Mei 2020, vya Januari hadi Machi 2021, na vya Julai na Agosti mwaka huo. Msiandike chanzo cha kifo, wala jina la marehemu. Wekeni idadi tu, mwezi kwa mwezi, kata kwa kata. Kama miezi ile ilikuwa ya kawaida, idadi itasema, na sisi tuliosambaziana video za mazishi ya usiku kwenye simu tutanyamaza. Kama haikuwa ya kawaida, nayo itasema.

Kazi hiyo wanaweza kuifanya vijana wawili wa takwimu na kompyuta moja.

Nasisitiza hili kwa sababu ya namna misiba ilivyokwenda. Mtaani kwetu msiba ni turubai, jamvi, sufuria la kukodi na daftari la michango, watu wanalala nje siku tatu. Miezi ile jamvi lilikunjwa siku hiyo hiyo, na waliokuja walisimama mbali wakapunga mkono. Zipo familia ambazo hadi leo zinalaumiana, kwamba fulani hakuja kumzika shemeji yake. Idadi ikitoka itawaonyesha kwamba mwezi ule nyumba nyingi zilikuwa na turubai, na aliyeogopa hakuogopa peke yake.

La pili ni fedha, nalipitia haraka kwa kuwa wakaguzi wapo. Kutokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, serikali ilipata shilingi trilioni 1.3 za mpango wa kupambana na athari za korona, na nchini yakajengwa madarasa 15,000. Mengine yapo kwetu na watoto wanasoma, nashukuru. Tangazo liseme Kinondoni ilipata kiasi gani, vilijengwa nini na wapi, ukurasa mmoja ambao mama wa mtaa wa Kambangwa anaweza kuusoma bila kumtafuta mhasibu.

Na yale masinki ya kunawia ya kukanyaga kwa mguu, yaliyokuwa kwenye masoko na ofisi, yahesabiwe basi. Moja nalifahamu: limehamia kwa mama lishe na linasuuza sahani, na kwa kweli linafanya kazi kuliko lilipokuwa la serikali. Asinyang'anywe. Mwandikieni tu kwamba ni lake.

Na korona haikuwa ya kwanza wala haitakuwa ya mwisho: kipindupindu cha 2015 kilianzia kwenye wilaya hii hii, Agosti, kikaenea sehemu kubwa ya nchi. Utakuja ugonjwa mwingine, wenye jina jipya. Siku hiyo bwana afya atapita na kipaza sauti Mwananyamala akituomba tumsikilize, na mtu atamuuliza zile amri za korona ziliishia wapi. Ningependa awe na karatasi ya kumwonyesha.

Naomba ombi hili liingie kwenye ajenda za kikao kijacho cha Baraza la Madiwani, na tangazo likitoka libandikwe kwenye ubao wa kila ofisi ya serikali ya mtaa, kwa maandishi makubwa kidogo, maana wazee wetu wengi hawana miwani.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Mwananyamala

Nakala:
Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam
Mganga Mkuu wa Manispaa
Diwani wetu, ambaye nitampelekea kwa mkono