Baba rumba, kijana singeli: jaribuni Malta

KATIKA nyumba nyingi muziki ni chanzo cha kununiana. Baba anataka rumba ya Kongo, mama ana taarabu au kwaya yake, kijana wa kidato cha pili anataka singeli, na mdogo wake ameshika simu anarudia wimbo mmoja wa katuni tangu asubuhi. Kila mmoja akiwasha wake, mwingine anasema, "Hebu zima hayo makelele."

Neno hilo, "makelele", tunalitamka bila kulipima. Kwa mtoto wa miaka 14, wimbo anaoupenda ni sehemu ya nafsi yake. Ukiuita makelele mara ya kwanza atacheka. Mara ya kumi ataweka hedifoni masikioni na kufunga mlango. Hapo hata yale mengine uliyotaka kuyasikia kutoka kwake, ya shule, ya marafiki, ya mwili wake unaobadilika, yatabaki huko huko ndani.

Wiki hii nina pendekezo dogo. Tafuteni muziki ambao hakuna mtu nyumbani anayeumiliki, usio wa enzi za baba wala wa rika la kijana, ili wote muwe wageni na wote muwe na haki sawa ya kusema "huu naupenda, huu hapana". Mimi ningeanza na Malta.

Kisiwa kidogo, maneno tunayoyajua

Malta iko katikati ya Bahari ya Mediterania, kusini mwa kisiwa cha Sicily. Visiwa vyake vyote kwa pamoja vina kilomita za mraba 316. Unguja peke yake ni kubwa karibu mara tano. Wakazi ni zaidi ya nusu milioni. Ilipata uhuru kutoka kwa Waingereza mwaka 1964, mwaka uleule Tanganyika na Zanzibar zilipoungana.

Kinachofanya muziki wake uwafae watoto wetu ni lugha. Kimalta kina mzizi wa Kiarabu, kimejaa maneno ya Kiitaliano, na kinaandikwa kwa herufi za Kilatini kama Kiswahili. Kwa kuwa Kiswahili nacho kilichota kwenye Kiarabu, tunakutana njiani. Dunia kwao ni "dinja", nayo hutamkwa "dinya". Bahari ni "baħar". Kitabu ni "ktieb". Sita, saba na tisa ni "sitta", "sebgħa" na "disgħa". Wamalta wengi ni Wakatoliki, lakini Mungu wanamwita Alla, na Kwaresima wanaiita Randan, neno lenye asili moja na Ramadhani.

Mpe mtoto mchezo: wimbo ukipigwa, kila mtu ahesabu maneno aliyoyatambua. Wa darasa la nne anaweza kumshinda baba yake.

Anzeni na għana

Muziki wa kienyeji wa Malta unaitwa "għana". Hutamkwa "aana", kwa sababu hizo herufi za mwanzo hazitoi sauti. Neno hilo linatoka kwenye shina lilelile la Kiarabu lililotupa "kughani", kama tunavyosema kughani shairi. Tahadhari moja ya kukuokolea bando: ukiandika "ghana" peke yake kwenye simu utaletewa muziki wa Afrika Magharibi. Ongeza neno "Malta".

Ziko aina tatu. Ya kwanza, "spirtu pront", ni malumbano. Waimbaji wawili hadi wanne husimama au hukaa karibu na wapiga magita, kisha hutungiana beti papo hapo. Kila ubeti una mishororo minne, na vina vinakutana kwenye mshororo wa pili na wa nne. Anayejibu hana muda wa kuandika. Anao ule tu ambao gita kiongozi linapiga katikati ya beti. Kukejeli kunaruhusiwa, kutukana hapana. Aliyezoea mashairi ya kujibizana ya pwani, au mipasho ya taarabu, ataelewa kinachoendelea hata bila kujua lugha.

Ya pili, "tal-fatt", ni hadithi ya kuimba. Mwimbaji mmoja husimulia tukio tangu mwanzo hadi mwisho: ajali, mauaji, kisa cha mtu maarufu wa kijijini. Ya tatu, "bormliża", imepewa jina la mji wa bandari wa Bormla, na humtaka mwimbaji apande hadi sauti za juu kabisa kwa nguvu ya koo lake.

Waimbaji wengi wa għana hujulikana kwa lakabu. Frans Baldacchino, aliyefariki mwaka 2006, alijulikana kama Il-Budaj, na ni jina zuri la kuanzia kutafuta.

Sasa, jambo ambalo mzazi anapaswa kulisikia. Kwa miaka mingi għana ilidharauliwa na Wamalta wenyewe. Ilionekana ni muziki wa baa, wa wachukuzi wa bandarini, wa wanawake waliokuwa wakiimbiana kwenye mabirika ya kufulia na juu ya mapaa ya nyumba. Watu waliojiona wamesoma hawakutaka kuhusishwa nayo. Mwaka 2021, UNESCO iliiingiza kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Leo hii ni fahari ya taifa.

Singeli nayo ilizaliwa uswahilini Dar es Salaam na ikaitwa muziki wa wahuni. Sisemi kila wimbo wa singeli unafaa kuchezwa sebuleni. Ipo ambayo haifai, na mzazi ana haki ya kusema hivyo. Ninachosema ni kwamba hukumu yetu juu ya muziki wa vijana hutoka haraka, na muda huwa haukubaliani nayo kila mara.

Matarumbeta ya kijiji

Ukitaka mdogo wa nyumba aamke, mtafutie bendi za matarumbeta za sherehe za vijiji. Karibu kila kijiji Malta kina mtakatifu wake na sikukuu yake, iitwayo "festa", na siku hiyo bendi hupita mitaani ikipiga maandamano, fataki zikilipuka juu. Vijiji vingine vina bendi mbili zenye utani mkali kati yao, kama Simba na Yanga.

Bendi hizo zina vilabu vyake, na vilabu hivyo hufundisha watoto kusoma nota na kupiga ala, mara nyingi bila ada. Mtoto anayeanza na filimbi au tarumbeta kijijini anaweza baadaye kuonekana kwenye bendi ya jazi. Kwa hiyo tarumbeta si mapambo ya sikukuu tu, bali ni shule.

Watu wa Zanzibar na Mombasa hawatashangaa. Ngoma yetu ya beni iliiga bendi za kijeshi za kikoloni, na hata jina lake ni "band" iliyopita kwenye midomo yetu. Wazee wakisikia matarumbeta ya Malta, waombeni wasimulie beni za harusi walizozikuta.

Walishika mkia, wakarudi

Kwa kijana anayependa mashindano ya kuimba, simulizi nzuri ni ya Malta kwenye Eurovision, mashindano ya nyimbo ya nchi za Ulaya.

Malta iliingia mara ya kwanza mwaka 1971, Joe Grech akiimba kwa Kimalta. Wakashika mkia. Mwaka 1972 wakarudi na Helen na Joseph, tena kwa Kimalta, wakashika mkia tena. Mwaka 1975 wakajaribu kwa Kiingereza, kisha wakakaa nje hadi 1991.

Waliporudi, mambo yalibadilika. Mary Spiteri alishika nafasi ya tatu mwaka 1992. Chiara alikuwa wa tatu mwaka 1998. Ira Losco alikuwa wa pili mwaka 2002, na Chiara akarudi kuwa wa pili mwaka 2005. Mwaka 2013 walimpeleka Gianluca Bezzina, ambaye kwa taaluma ni daktari, akashika nafasi ya nane. Mwonyeshe huyo mtoto anayeamini kwamba lazima achague kati ya sayansi na gita. Ushindi wenyewe wa mashindano hayo ya wakubwa Malta haikuwa imeupata hadi yale ya 2025.

Waliopata ushindi ni watoto. Gaia Cauchi alishinda Eurovision ya watoto mwaka 2013 akiwa na miaka 11. Miaka miwili baadaye, 2015, Destiny Chukunyere akashinda akiwa na miaka 13. Baba yake Destiny ni Mnigeria aliyekuja kucheza mpira, mama yake ni Mmalta. Mwaka 2021 Destiny alisimama kwenye jukwaa la wakubwa na kuwa wa saba. Tafuteni video zake mbili, ya 2015 na ya 2021, mzione moja baada ya nyingine. Sauti ni ileile, ila imekomaa, na binti yeyote anayebalehe ataona kitu chake hapo.

Roki, kufokafoka na makelele yenyewe

Mafanikio hayo ya nje yalikuja kwa Kiingereza, lakini nyumbani Kimalta hakikunyamaza. Mwaka 1982 ilitoka "Ġensna", opera ya roki inayosimulia historia ya nchi. Muziki ni wa Paul Abela na maneno ni ya Ray Mahoney. Kundi la Brikkuni likachanganya roki na ladha za mtaani, likiimba kwa Kimalta kwa ulimi mkali. The Travellers, vijana wa kisiwa cha Gozo, wanaimba pop changamfu kwa lugha yao, na hao ndio ningewaweka wa kwanza kwa nyumba yenye watoto wadogo. Wapenzi wa muziki wa kufokafoka wawatafute No Bling Show, wanaofoka kwa Kimalta. Hapo ndipo asili ya Kiarabu inaposikika wazi zaidi, kwa zile sauti za kooni.

Anayependa magita ya taratibu ajaribu Beangrowers, walioimba kwa Kiingereza na ambao wimbo wao uliingia kwenye filamu ya Wim Wenders ya mwaka 2004, "Land of Plenty". Kundi la Etnika nalo lilifufua ala za zamani, ikiwemo "żaqq", zumari la mfuko linalotengenezwa kwa ngozi nzima ya mnyama. Watoto wataipenda hiyo.

Halafu kuna metali. Kundi la Beheaded lipo tangu mwaka 1991 na linapiga metali nzito kuliko yote mliyowahi kuisikia. Mzazi, angalia picha za albamu kwanza kabla hujampa mtoto, maana zinatisha. Lakini kwa kijana mkubwa, weka wimbo mmoja, kisha umwambie akueleze mpiga ngoma anafanya nini na miguu yake. Utashangaa atakavyoona mengi.

Namna ya kusikiliza

Tengeni nusu saa, tuseme Jumapili jioni. Kila mtu achague wimbo mmoja. Hakuna kuzima kabla ya wimbo kuisha, na hakuna neno "makelele". Ukiisha, kila mmoja ataje kitu kimoja alichokisikia: ala, neno, pumzi ya mwimbaji. Anayesema "sikupenda" aseme na sababu.

Tumieni spika badala ya hedifoni, kwanza ili msikilize pamoja, pili kwa ajili ya masikio. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mtu mzima anaweza kusikiliza salama sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki; kwa mtoto kipimo ni desibeli 75 kwa muda huohuo. Kila sauti inavyopanda, muda salama unapungua haraka sana. Kwa anayetumia hedifoni, kanuni rahisi ni kutovuka asilimia 60 ya sauti ya simu. Simu nyingi za kisasa zina sehemu ya kuweka kikomo kwenye mipangilio. Ifungueni pamoja na mtoto, usimfungie kimyakimya.

Mtoto akilalamika kwamba masikio yanavuma au yanalia baada ya kusikiliza, usisubiri izoeleke. Punguzeni sauti, mpumzishe, na hali ikiendelea mpeleke akapimwe usikivu. Seli za ndani ya sikio zikishakufa hazioti tena.

Wiki ya kwanza sikilizeni Malta. Wiki ya pili, kijana alete singeli yake na baba alete rumba yake, kwa masharti yaleyale: wimbo uishe, na kila mtu aseme alichokisikia. Huo ndio mtihani wenyewe. Mzazi aliyeweza kukaa na metali ya Malta kwa dakika nne bila kununa anaweza kukaa na mwanawe.