Wanyonge wa Jukwaani na Mama Yangu wa Mwaloni

Kwanza tuelewane, ndugu msomaji, tusije tukalaumiana baadaye: tiketi nililipa mwenyewe. Mbili. Shilingi 10,000 moja, jumla 20,000, tena pesa ya mwandishi chipukizi ambaye jarida hili, kama mnavyojua, halimpi hata nauli ya daladala. Kwa hiyo asije mtu akasema eti ninaandika haya kwa sababu nilinyimwa kadi ya mwaliko. Kadi sikuomba.

Kikundi kimoja cha maigizo cha hapa kwetu Mwanza (jina ninalihifadhi, wenyewe wanajijua) kilitutangazia msimu mzima wa tamthilia za wanyonge. Ijumaa nne, tamthilia nne. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, Hatia ya Penina Muhando, halafu mbili mpya zilizotungwa na vijana wa papa hapa. Mabango yakabandikwa mjini kote: ngumi imekunjwa, nyuma yake jua linachomoza. Nilifurahi, sikatai. Mji huu una samaki, una mawe, una baa kila kona, lakini jukwaa la maana hauna. Mtu akikwambia kuna tamthilia nne kwa mwezi mmoja unamwona mkombozi.

Ya nne ndiyo iliyonitoa nyumbani na mama yangu. Ilihusu mama muuza dagaa.

Sasa mama yangu ni muuza dagaa. Yuko Mwaloni, Kirumba, tangu mimi sijaanza shule. Dagaa hao ndio walionisomesha mpaka nikajua neno "tamthilia". Na kabla ya msimu kuanza binti mmoja, mwigizaji, alikuja pale Mwaloni asubuhi tatu mfululizo. Binti mwenye adabu, aliamkia kila mtu shikamoo, akanunua chai, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akawa anamtazama mama anavyofunga kitenge, anavyopiga mluzi kumwita mchukuzi, anavyosema "we baba wee!" mteja akitaja bei ya kijinga. Akarekodi kwa simu. Siku ya tatu akaaga, "Asante mama, nimejifunza mengi." Mama akamfungia dagaa kwenye mfuko, bure. Basi. Habari ya tiketi haikutajwa, ya kiingilio haikutajwa, na hata tarehe ya onyesho mama aliisikia kwangu.

Ijumaa ikafika. Mama akavaa lile gauni la harusini. Tumeketi. Taa zikazimwa, zikawaka, na huyo hapo mama yangu jukwaani: kitenge kilekile, mluzi uleule, "we baba wee!" ileile. Watu wakacheka. Mama naye akacheka, kwa aibu kidogo, akanikanyaga mguu. Halafu yule mama wa jukwaani akaanza kulia. Analia tajiri kamdhulumu. Analia mume kamkimbia. Analia mwana kafukuzwa shule kwa ajili ya ada. Dakika arobaini analia, ngoma inadundwa taratibu, mwisho anasimama juu ya ndoo, anahutubia kuhusu haki, ukumbi mzima wima, makofi! Mbele yangu alikaa bwana mmoja mwenye suti, anapangusa machozi kwa leso.

Tukatoka. Njiani mama kimya. Tumefika karibu na nyumbani ndipo akasema, "Baba, mbona yule mama hakuuza?"

Nikamwuliza, "Hakuuza nini?"

"Dagaa. Kutwa nzima hajauza hata kopo moja. Sasa watoto wake walikula nini?"

Jamani. Nimesoma vitabu vya nadharia ya sanaa za maonyesho, vingine nikavikariri kwa ajili ya mtihani, lakini uhakiki mkali kuliko huo sijausoma. Mnyonge wa jukwaani hana kazi. Kazi yake ni kuonewa tu. Amewekwa pale atiwe huruma, kama mtoto wa kwenye picha za kuombea misaada.

Ngoja niwaambie mama yangu anachokifanya, maana inaonekana asubuhi tatu hazikutosha. Dagaa wa ziwa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi wengi wana taa za betri na za jua. Mbalamwezi ikishakomaa, taa haifui dafu, mitumbwi inapumzika, mzigo unapungua, bei inapanda. Kwa hiyo mama anaishi kwa kalenda ya mwezi kama shehe. Magunia yanatoka visiwani yakiwa yamekaushwa kule. Mvua ikiwapiga dagaa kabla hawajakauka wanabadilika rangi, wanavunda, na hapo chakula cha watu kinageuka chakula cha kuku, bei inaporomoka. Mama anaingiza mkono ndani ya gunia mpaka kiwiko, anatoa konzi, ananusa, anajua kama juu wamepanga wazuri na chini wameficha waliolowa. Anajua wanunuzi wa Kongo wanataka dagaa wa namna gani na wa Rwanda wa namna gani. Anakopesha, anadai, anadaiwa. Anapunja pia! Ndiyo, mama yangu anapunja, akimwona mteja mwenye madaha anajaza kopo kwa ncha za vidole. Hiyo ndiyo tamthilia. Ina hila, ina hofu, ina kamari, ina adui ambaye hajulikani kama ni dalali, mvua au mwezi. Mwandishi wetu aliiona yote akachagua machozi.

Nitaambiwa, sanaa si somo la biashara. Sawa. Lakini tazameni tamthilia ya kwanza ya msimu huohuo, Kinjeketile, ambayo kusema kweli waliicheza vizuri na mimi nilitoka pale nikiwa sina usingizi. Hussein aliichapisha mwaka 1969, kuhusu vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Kama kuna watu walikuwa wanyonge katika nchi hii basi ni wale, mkuki na gobore dhidi ya bunduki za rashasha za Mjerumani. Kinjeketile wa kweli, yule wa Ngarambe, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ndiyo kwanza vinaanza. Je, Hussein alituletea mtu wa kulia? Alituletea mtu anayefikiri. Mtu aliyetoa neno, neno likamzidi nguvu, likawa la watu, naye akawa anaogopa alichokizaa. Anabishana na Kitunda kuhusu lini waanze vita. Anakosea. Ana mashaka kuhusu yale maji yake mwenyewe. Unatoka ukumbini huna hamu ya kumhurumia, unataka kubishana naye. Hivyo ndivyo unavyomheshimu mnyonge, bwana, unampa akili na unampa makosa.

Kutoka hapo mpaka kwa mama wa kulia kuna safari, na nadhani njia yake ninaijua. Inapitia kwenye maandiko ya miradi. Nimewahi kusaidia kuandika moja, kwa kikundi kingine, kwa hiyo na mimi ni mwizi ninayewataja wezi wenzangu. Mfadhili anauliza: walengwa ni nani? Tatizo lao ni nini? Mabadiliko yatapimwaje? Ukijibu kwamba mlengwa ni mama mjanja anayejua kalenda ya mwezi na anapunja kopo, hupati hata senti. Ukijibu kwamba analia, unapata. Ndipo tamthilia inaandikwa kujibu fomu. Na bwana wa suti analia kwa sababu fomu ilijazwa vizuri.

Nalo neno lenyewe limechoka. Kuanzia 2015 mpaka 2021 tulilisikia majukwaani kila uchao, wanyonge, wanyonge, serikali ya wanyonge. Mwishoni mwa 2018 machinga wakatolewa vitambulisho kwa shilingi 20,000, bei ya tiketi zangu mbili. Mwishoni mwa 2021, chini ya serikali iliyofuata, machinga haohao wakaondolewa barabarani katika miji mingi, wakapangiwa maeneo. Wengine watasema mji ulipendeza, wengine watasema riziki ilikatika, na mabishano hayo yangetosha kujaza Ijumaa nne na zaidi. Hakuna hata tamthilia moja ya msimu wetu wa wanyonge iliyogusa. Kijana anayeuza soksi aliegemea ukuta wa nje wa ukumbi uleule, ndani wanaigiza dhuluma. Mlinzi akamfukuza, maana alikuwa anaharibu mandhari ya mlangoni. Hilo sikulitunga, nililiona nikiwa kwenye foleni, na sikusema kitu. Niandikieni hilo pia.

Haya, tuseme ingewezekana vingine? Iliwezekana. Mwaka 1977, Kamiriithu, kule Limuru nchini Kenya, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii waliandika Ngaahika Ndeenda kwa Kigikuyu. Wakulima na vibarua wa kijiji waliisoma, wakaisahihisha, wakawaambia wasomi hapa mmekosea, mzee hasemi hivi, kibarua halipwi hivi. Wakajenga jukwaa la wazi kwa mikono yao. Mazoezi yalifanyika mbele ya watu, anayepita anasimama, anaingilia, kwa hiyo onyesho lilipoanza tarehe 2 Oktoba 1977 kijiji kilikuwa kinaijua kama kinavyojua njia ya kisimani. Tarehe 16 Novemba lilipigwa marufuku. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini karibu mwaka mzima bila kushtakiwa. Machi 1982 jukwaa likabomolewa na polisi. Jiulizeni: kwa nini serikali ipeleke polisi kubomoa mbao za wanakijiji? Sisi huku tunapewa cheti cha shukrani na mgeni rasmi anakata utepe. Dola haiogopi mama anayelia. Haijawahi.

(Mei 2022 tamthilia hiyo ilirudi Kenya, lakini haikurudia Kamiriithu. Ilichezwa Nairobi, katika Kenya National Theatre. Wapo waliofurahi, nami nilifurahi. Ila nilifurahi kama mtu anayeona jembe la babu yake limetundikwa ukutani hotelini.)

Na wala tusikimbilie Kenya. Mwaka 1982 na 1983 walimu wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Muhando akiwa mmoja wao, walikwenda Malya, Kwimba, katika mkoa wetu huuhuu. Hawakwenda na tamthilia mkobani. Waliketi na wanakijiji wawaulize tatizo lenu ni lipi, na wenyewe wakataja, likiwemo la wasichana kupata mimba wangali shuleni, halafu wakalichezea kwa ngoma zao na maigizo yao na kulijadili hadharani. Mwalimu huyo ndiye aliyeandika Hatia miaka kumi kabla. Yaani mwandishi wa tamthilia yetu ya pili ya msimu alishatuonyesha njia, karibu na mlango wetu, na sisi tukachukua kitabu tukaiacha njia.

Najua wenzangu wa kikundi watakasirika. Watasema kiingilio hakilipi hata umeme, kwamba tumeshindana na mpira wa Ijumaa, kwamba mimi kazi yangu ni kukosoa nikiwa nimekaa. Yote kweli. Nawajua, ni marafiki, mmoja wao ananidai. Na yule binti kipaji anacho, mluzi wa mama yangu hajawahi kuupatia mtu mwingine vile, hata mimi siuwezi. Ndiyo maana imeniuma. Angekuwa hajui kuigiza ningekaa kimya.

Ninachotaka si kikubwa. Msimu ujao Ijumaa moja iondoke ukumbini ije Mwaloni saa tisa alasiri, mzigo ukishapungua, bila kiingilio. Watazamaji wakiwa ni wachukuzi, mama wa dagaa, madalali na yule mtoza ushuru, tuone kama mtu atathubutu kulia dakika arobaini bila kuuza. Watamkatiza! Watamwambia shuka kwenye ndoo hiyo, ndoo ni ya biashara. Na pengine hapo ndipo tamthilia ingeanza.

Jumanne ya wiki iliyofuata binti alirudi Mwaloni kumwuliza mama ameionaje. Nilikuwepo, nilikuja kuchukua hela ya kodi ya chumba. Mama hakumwambia lile alilonambia mimi njiani, watu wazima wana staha zao. Alimwambia tu, "Karibu mwanangu, kaa." Halafu akasukuma gunia mbele yake, lililotoka kisiwani asubuhi ile, akamwambia aingize mkono mpaka chini anuse, amwambie kama wamelowa.

Binti akanusa. Akasema wazima.

Mama akamwambia anuse tena.