BARAZA LA MWALIMU: "Rudi! Rudi!"

Baadhi ya vijana wametuomba mwezi huu tuandike juu ya kandanda. Tumekubali, kwani tuna deni la kulipa.

Jumamosi moja ya kiangazi kilichopita, baada ya sala ya Adhuhuri, tulisimama kando ya kiwanja karibu na Barabara ya Flemington tukiwatazama wana wetu wakicheza. Kocha wao, kijana aliyekulia mtaa huu huu, alikuwa amewafundisha kukabia juu, yaani kuuwania mpira pale pale ulipopotea, karibu na lango la wapinzani. Sisi wazee, kila mpira ulipopotea, tulipaza sauti: "Rudi! Rudi!" Beki mmoja wa kati, mtoto mwenye adabu, akasita baina ya amri mbili. Wenzake watatu walisogea mbele, yeye akabaki nyuma. Mshambuliaji wa upande wa pili, ambaye angekuwa ameotea, akaupokea mpira peke yake na kufunga. Baba yake akamkemea mbele ya hadhara. Tangu siku hiyo mtoto hakuonekana tena kiwanjani.

Je, kosa lilikuwa la nani? Sisi tuliocheza mpira wa skuli kule Unguja katika miaka ya 70 tulizoea mgawanyo wa kazi: mshambuliaji hufunga, beki hulinda, na anayepoteza mpira hushika kiuno akipumzika. Mfano wetu ulikuwa mfumo wa 4-2-4, ambao Brazil iliutumia kutwaa Kombe la Dunia mwaka 1958. Walakini hata wakati ule mambo yalikuwa yamekwisha kubadilika. Katika miaka ya 60 Viktor Maslov aliwafundisha wachezaji wa Dynamo Kyiv kukaba kwa pamoja. Rinus Michels akaiendeleza fikra hiyo Ajax na katika timu ya Uholanzi ya mwaka 1974. Kisha Arrigo Sacchi akaichukulia Milan Kombe la Ulaya mara mbili mfululizo, 1989 na 1990, akiwataka wachezaji wake wasiachane, ili kutoka beki wa mwisho hadi mshambuliaji wa mbele pasizidi mita 25 hivi.

Hapo ndipo penye siri. Uwanja una urefu wa mita 100 au zaidi. Iwapo washambuliaji watatu wa mfumo wa 4-3-3 wanakimbilia mbele ilhali mabeki wamebaki nyuma, katikati panafunguka njia pana kama Allen Road inavyoukata mtaa wetu vipande viwili, na adui hupita humo bila taabu. Kwa hiyo beki anayesogea mbele haachi kulinda. Kusogea kwake ndiko kulinda kwenyewe.

Wala si kukimbia ovyo. Hakuna binadamu awezaye kukaba hivyo kwa dakika 90. Vijana hungoja dalili: pasi dhaifu ya kurudisha nyuma, mpira uliomdundia mtu vibaya, au mpinzani aliyebanwa kwenye mstari wa pembeni akilipa mgongo lango letu. Hapo mmoja huanza, na wote humfuata. Hatari yake ni uwazi unaobaki nyuma ya mabeki, na mmoja akisita, wote wameumia.

Matunda yake tumeyaona. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga ya Miguel Gamondi, timu iliyojulikana kwa kuuwinda mpira mapema, ilikwenda mapumziko ikiwa 1-1 na Simba, kisha ikafunga manne katika kipindi cha pili. Na hapa Kanada, mwaka 2024, timu ya taifa chini ya Jesse Marsch ilicheza Copa America kwa mara ya kwanza kwa mtindo wa aina hiyo, ikafika nusu fainali.

Basi yule mtoto hakuwa mkaidi wala mzembe. Alikuwa na kocha mmoja ndani na makocha ishirini nje, na wahenga walikwisha kusema kuwa manahodha wengi chombo huenda mrama. Kosa lilikuwa letu, na sauti iliyokuwa kubwa kuliko zote ilikuwa yetu sisi tunaoandika haya.

Baada ya sala ya Isha tulikwenda kwao, tukamwomba radhi mbele ya baba yake. Mtoto hakujibu; alimtazama baba yake. Mzee naye alikaa kimya kitambo, kisha akamwuliza: "Hebu nieleze, mlitakiwa msimame wapi?" Mtoto akavipanga vikombe vya chai juu ya meza, vinne nyuma, vitatu katikati, vitatu mbele, akaanza kuvisogeza. Tulitoka usiku sana.

Jumamosi iliyofuata alirudi kiwanjani. Ombi letu kwenu, wazazi wenzetu, ni hili: njooni kwa wingi, waombeeni dua na kuwapigia makofi. Amri tumwachie kocha.

Wabillahi tawfiq.