BINGU ALISHONA JUA, PAMPU ZIKAKAUKA

Vijana wa vijiweni, hebu tuulizane. Nyumba inavuja, mwenye nyumba anapaka rangi mlango. Mvua itaacha kuingia? Wakubwa wa Malawi walidhani itaacha. Mwaka 2010 waliichukua bendera ya taifa, wakaichezea kama kanga ya uchaguzi, wakatutangazia kwamba nchi imeshaendelea.

Bendera yenyewe ilikuwa na umri. Ilipandishwa 6 Julai 1964, siku ya uhuru. Mstari mweusi juu, mwekundu katikati, kijani chini. Ndani ya ule mweusi kulikuwa na jua jekundu linalochomoza, nusu tu, lenye miale 31. Jua la alfajiri. Wapigania uhuru wa kule walikuwa na kilio chao, "kwacha", yaani kumekucha, na tangu 1971 fedha yao inaitwa hivyo hivyo.

Tusifichane, rangi zile zilitoka katika chama cha Malawi Congress cha Kamuzu Banda. Mzee huyo ndiye aliyefanya nchi kuwa ya chama kimoja 1966, kisha 1971 akawa rais wa maisha. Lakini 14 Juni 1993 Wamalawi walipiga kura ya maoni, na karibu theluthi mbili wakasema wanataka vyama vingi. Mwaka uliofuata Bakili Muluzi wa UDF akamwangusha Kamuzu kwenye sanduku la kura. Bendera je? Haikuguswa. Wananchi walimtoa mtu, wakabaki na kitambaa chao. Kuanzia pale hakuna chama kilichoweza kusema ni mali yake.

Ndipo akaja Bingu wa Mutharika. Aliingia Ikulu 2004 kwa mgongo wa UDF, 2005 akauruka mgongo huo na kuunda DPP, na 2009 akashinda kwa kishindo, bungeni nako akapata wabunge tele. Chama kikishiba wabunge, kinaanza kuona njozi. Julai 2010 bendera ikageuzwa: mwekundu ukapanda juu, mweusi ukashuka katikati, na jua likawa zima, jeupe, miale 45. Hoja ya serikali? Nchi imepiga hatua, haifai tena kuonyeshwa na jua linalochomoza. Wapinzani walipiga kelele, raia wakanung'unika, hawakufua dafu.

Sasa tazameni huo mchana wa saa sita. Rais alikuwa na ndege ya dola milioni 13 na ushei. Mtaani, 2011, petroli hakuna, dizeli hakuna, fedha za kigeni hakuna. Madereva wanalala kwenye foleni. Bajeti ya mwaka huo ikabandika kodi hadi kwenye mkate na maziwa. Vijana wenzenu wa Blantyre, Lilongwe na Mzuzu wakaingia barabarani 20 Julai 2011, na watu wapatao 20 wakauawa. Jua zima linapepea mlingotini, chini yake maiti!

Bingu alifariki Aprili 2012. Joyce Banda akaapishwa, na Mei akaishusha thamani ya fedha, kutoka kama kwacha 167 kwa dola moja hadi 250. Mchungu, lakini ulikuwa ukweli. Mwezi huo huo, tarehe 28, Bunge likairudisha bendera ya 1964. Jua la Bingu lilidumu miezi 22. Kuna sketi za mitumba pale Karume zinazodumu zaidi.

Mnauliza, yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu sana. Bendera ya Tanganyika ya 1961 ilitokana na ya TANU, kijani na nyeusi, ikaongezwa mistari ya dhahabu. Ya Kenya inatokana na ya KANU, ya Uganda ina rangi za UPC. Ukanda huu karibu wote tumevishwa nguo zilizokatwa kwa kipimo cha chama. Sikatai, ndivyo historia ilivyokwenda. Ila makada wa kijani wasigeuze historia hiyo kuwa hati ya kiwanja. Wapo wanaozungumza kana kwamba kuipinga CCM ni kuikojolea bendera ya taifa. Kijani kile, ndugu zangu, kinasimama kwa mashamba na misitu, si kwa sare za wajumbe. Buluu ile iliingia 1964 kwa ajili ya Muungano, si kwa ajili ya kamati ya siasa ya mkoa. Mpiga debe wa Ubungo ana hisa humo sawa na katibu mkuu.

Na sisi wa upinzani tusijidai malaika. Siku tukiingia Ikulu, atatokea mjanja wa kwetu, mikononi ana mchoro na mkasi, anasema wananchi wanataka bendera ya mageuzi. Mwulizeni kwanza bei ya unga. Halafu msimulieni ya Peter Mutharika, mdogo wake Bingu. Alichukua urais 2014, kwa DPP ile ile. Lile jua jeupe la kaka yake aliliacha kabatini.