NANI ATASHIKA UFUNGUO WA DAFTARI?

Tangu Rais Samia Suluhu Hassan alipoihimiza Benki Kuu, mjini Mwanza mwezi Juni 2021, ijiandae kwa mfumo wa kompyuta uitwao blokicheni, yamesemwa mengi. Sifa inayovumishwa zaidi ni kwamba daftari halikai kwa mkubwa mmoja: nakala zake huwa kwa wengi, na anayefuta moja husutwa na nyinginezo.

Hatuna ugomvi na sifa hiyo. Swali letu ni la mlangoni: nani anaruhusiwa kuingia?

Tumchukue mkulima wa chai wa Kisondela, wilayani Rungwe. Majani yake mabichi hupimwa, uzito huandikwa, naye hulipwa baadaye kwa mujibu wa maandishi hayo. (Wenye mikarafuu huko Pemba hawahitaji kuelezwa habari za mizani.) Daftari hilo likitiwa katika mfumo huu, na funguo za kuandika na kuhakiki zikabaki kwa mnunuzi na maofisa wake tu, hata nakala zikiwa mia mwenye neno ni yule yule. Mkulima ataruhusiwa kusoma, kusahihisha hawezi.

Wala mlango ulio wazi hautoshi. Bitcoin, iliyoanza mwaka 2009, haimdai mtu kitambulisho, ila kazi ya kuandika yataka mitambo ghali na umeme mwingi. Ethereum, tangu Septemba 2022, humtaka mhakiki anayejitegemea aweke rehani ya sarafu 32 za mtandao huo. Mwenye nusu eka ya chai atazitoa wapi? Wasio nazo hujikusanya chini ya makampuni, na madaraka yakarudi kwa wachache.

Ndugu zetu wa Bara waliyaona haya bila kompyuta. Mpango wa Madaraka Mikoani wa mwaka 1972 ulikusudiwa kuwapa wananchi uwezo. Lakini halmashauri za wilaya zilivunjwa, na maamuzi yakashikwa na maofisa waliopelekwa huko. Ilibidi zirudishwe kwa sheria za mwaka 1982.

Kwa hiyo tunazitaka Serikali zetu mbili, kabla ya kutia saini mkataba wowote wa mfumo wa namna hii, zieleze kwa Kiswahili nani atasoma, nani ataandika, nani atahakiki, na nani aweza kumnyang'anya mwenziwe ufunguo. Vyama vya wakulima vipewe ufunguo wa kuhakiki, na uzito usiingizwe bila idhini ya pande zote mbili palepale penye mizani, kwa kuwa kilo iliyoandikwa kwa uongo itabaki ya uongo katika kila nakala.