Uzeeni Marekani: Kadi ya Medicare si matibabu ya bure

Mwezi uliopita mama mmoja wa miaka 67, mgonjwa wangu wa siku nyingi wa presha na kisukari, aliingia kliniki akiwa na furaha. "Daktari, leo niandikie dawa za miezi mitatu tu. Mwanangu kanishughulikia karatasi, naenda kuishi naye Marekani. Si nasikia huko ukishapita miaka 65 unatibiwa bure?"

Nilimwomba akae tuzungumze. Swali lake nalisikia mara kwa mara kutoka kwa wazazi wenye watoto ughaibuni. Hapa kwetu mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo ana msamaha wa kulipia matibabu, na hospitali nyingi zina dirisha la wazee. Ni rahisi kudhani kwamba taifa tajiri kama lile limetuzidi mbali kwa hilo. Ukweli ni kwamba mzee wa Marekani analipia matibabu yake kila mwezi, na mwaka huu analipa zaidi.

Fedha zinatoka wapi

Mafao ya uzeeni ya Marekani, yaani Social Security, yalianzishwa kwa sheria iliyosainiwa na Rais Franklin Roosevelt Agosti 1935. Mfanyakazi hukatwa asilimia 6.2 ya mshahara wake, hadi kikomo kinachopangwa kila mwaka, na mwajiri huchangia kiasi hicho hicho. Medicare, bima ya afya ya watu wa miaka 65 na zaidi, ilisainiwa na Rais Lyndon Johnson Julai 1965. Nayo ina makato yake ya asilimia 1.45 kwa kila upande.

Kwa hiyo msingi wa yote ni kuchangia. Ili apate pensheni, mtu anahitaji michango ya takriban miaka 10 ya kazi. Aliyezaliwa mwaka 1960 au baadaye hupata pensheni kamili akifikisha miaka 67. Anaweza kuanza kuichukua akiwa na miaka 62, lakini hupungua kwa asilimia 30, na punguzo hilo atakwenda nalo maisha yake yote.

Aliyefanya kazi ya ofisini anaweza kusubiri. Aliyebeba mizigo au kusimama kiwandani miaka 40, magoti na mgongo humlazimisha kuacha mapema. Huyo ndiye anayepata pensheni ndogo, tena akiwa na miaka mitatu ya kujitafutia bima kabla Medicare haijaanza.

Kadi inalipa nini

Medicare ina sehemu kadhaa. Sehemu A ni ya kulazwa hospitalini. Waliochangia vya kutosha hawailipii kila mwezi, lakini mwaka huu wa 2026 anayelazwa hutoa kwanza dola 1,736 mfukoni kabla bima haijaanza kulipa.

Sehemu B ni ya kumwona daktari, vipimo na matibabu ya kutwa. Hii hulipiwa dola 202.90 kila mwezi, na kwa wengi fedha hizo hukatwa moja kwa moja kwenye pensheni. Baada ya mzee kulipa dola 283 za mwanzo wa mwaka, bima hulipa asilimia 80 na yeye asilimia 20. Matibabu ya dola 1,000 yatamgharimu 200. Ya dola 50,000, kama ya saratani, yatamgharimu 10,000, kwa kuwa Medicare ya kawaida haina kikomo cha mchango wa mgonjwa. Ndiyo maana wengi hununua bima ya nyongeza, au huhamia mipango ya kampuni binafsi iitwayo Medicare Advantage. Mipango hiyo ina kikomo, lakini mara nyingi humfunga mgonjwa kwa madaktari maalumu na kumtaka aombe kibali kabla ya matibabu fulani.

Meno, miwani na vifaa vya kusikia kwa kawaida havimo katika Medicare ya kawaida. Sasa niambie, mzee huanza kusumbuliwa na nini kama si meno, macho na masikio?

Pengo kubwa kuliko yote ni uangalizi. Mzee aliyepooza au aliyepoteza kumbukumbu, anayehitaji mtu wa kumwogesha na kumlisha kila siku, hatalipiwa huduma hiyo na Medicare kwa muda mrefu. Chumba katika nyumba ya wazee kinaweza kuzidi dola 100,000 kwa mwaka. Familia nyingi hutumia akiba hadi iishe, ndipo mzee anapohesabika maskini kiasi cha kusaidiwa na Medicaid, bima ya wenye kipato kidogo. Waulize ndugu zetu wanaofanya kazi ya kulea wazee huko. Wameyaona hayo kwa macho yao.

Nyongeza inayomezwa

Kila Januari pensheni huongezwa kufuata kupanda kwa bei. Mwaka huu nyongeza ni asilimia 2.8, na pensheni ya wastani imetoka takriban dola 2,015 hadi 2,071 kwa mwezi. Ni ongezeko la dola 56. Lakini malipo ya Sehemu B nayo yamepanda kwa dola 17.90, kwa hiyo karibu theluthi ya nyongeza imeondoka kabla mzee hajainusa. Dola 38 zilizobaki ndizo za kupambana na kodi ya nyumba, umeme na chakula.

Tatizo jingine ni kipimo chenyewe. Nyongeza hukokotolewa kwa kufuata matumizi ya wafanyakazi wa mijini, watu ambao hawatumii fedha nyingi kwa matibabu kama wazee.

Kama sisi tunavyobishana kuhusu kikokotoo, nao wana mjadala wao. Ripoti ya mwaka 2025 ya wasimamizi wa mfuko ilisema akiba ya mafao ya uzeeni itakwisha mwaka 2033 Bunge lisipochukua hatua. Hapo makusanyo yatatosha kulipa takriban asilimia 77 ya mafao.

Kama daktari, hofu yangu ni pale fedha zinapopungua na mgonjwa akaanza kuruka dozi. Presha haipigi hodi. Mzee anameza kidonge siku moja, siku nyingine anaacha, anajiona mzima, kisha anapata kiharusi. Kwa hili nawapongeza: sheria ya mwaka 2022 iliweka kikomo cha dola 35 kwa mwezi kwa insulini ya walio kwenye Medicare, na mwaka huu mwenye bima ya dawa, Sehemu D, halipi zaidi ya dola 2,100 kwa mwaka kwa dawa zilizomo kwenye mpango wake.

Kama mzazi wako anakwenda

Mzazi ambaye hakuwahi kuchangia huko, na mwenzi wake pia hakuchangia, hapati Medicare kwa kushuka tu kwenye ndege. Anapaswa kuwa na miaka 65, awe na kadi ya kijani, na awe ameishi huko miaka mitano mfululizo. Hata hapo atainunua: Sehemu B kwa bei niliyotaja, na Sehemu A kwa hadi dola 565 kwa mwezi. Kabla ya hapo, mtoto amtafutie bima kwenye soko la bima la serikali. Kwa kawaida ana siku 60 tangu mzazi apate ukaazi.

Kwa familia za wakimbizi, wakiwemo ndugu zetu wengi kutoka Congo: sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 imewaondoa wakimbizi kwenye Medicare hadi wapate kadi ya kijani au uraia. Msicheleweshe karatasi hizo.

Nawe unayefanya kazi huko na unakaribia miaka 65, una miezi saba ya kujiandikisha kuanzia miezi mitatu kabla ya mwezi wako wa kuzaliwa. Ukichelewa Sehemu B bila bima ya kazini, utaongezewa asilimia 10 kwa kila mwaka uliopita, na kwa kawaida nyongeza hiyo ni ya kudumu. Ukirudi nyumbani kustaafu, kumbuka Medicare hailipi hospitali ya Dar es Salaam wala Mombasa.

Mama yule alimpigia mwanawe palepale kwangu. Kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema hakuwa ameuliza habari za bima. Safari haikufutwa, imesogezwa mbele hadi bima ipatikane. Nimemwandikia muhtasari wa ugonjwa wake kwa Kiingereza, majina halisi ya dawa na vipimo vyake vya mwisho. Nawe fanya hivyo kwa mzazi wako, na usikubali apande ndege kabla hujajua atakayelipia dawa zake mwezi wa nne.